Kidonda Alichotuonyesha Mama Yako

Kemi mwanangu,

Umeondoka na pikipiki bila kuniaga, na dereva aliyekupeleka ndiye aliyenipitia kuniambia umefika salama kwa bibi yako Ihanda. Nashukuru kwa hilo. Begi lako liko wazi kitandani kama ulivyoliacha, nguo nyingine ndani, nyingine nje, na mama yako hataki mtu aliguse. Kesho asubuhi basi linaondoka Kayanga kukupeleka chuoni, na wewe umesema mbele yetu kwamba huendi. Nimekaa barazani, jua bado halijazama, naandika ili dereva huyo huyo akuletee kabla giza halijaingia. Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu mimi na wewe tunakatizana mno, na leo naomba uniache nimalize.

Sitakuandikia mambo ya nauli wala ya kuchagua marafiki. Hayo umeambiwa na kila aliyepita hapa wiki hii, na mengine unayajua kunizidi. Nataka kuandika juu ya mama yako na mimi, na juu ya kilichotokea mchana huu, maana nadhani kila mmoja wetu alikiona kivyake.

Ugonjwa ulipoanza wewe ulikuwa shule ya bweni, kwa hiyo mengi uliyasikia kwa vipande vipande. Ulikuwa msimu wa kahawa. Mama yako alikuwa na kiu isiyoisha, anakunywa maji jikoni, anakunywa tena shambani, na bado midomo imekauka. Siku moja tulikuwa tunageuza kahawa juani, akakaa chini juu ya turubai, katikati ya kahawa, akasema haoni vizuri. Nilicheka kwanza, nikidhani anatafuta pa kupumzikia. Kisha nikaona anavyoshika ardhi kwa mikono yote miwili.

Hospitali walisema ni kisukari. Muuguzi wa kliniki alitukalisha akatueleza kwa upole: apunguze ndizi kwenye sahani, aongeze mboga na maharage, aache sukari kwenye chai, atembee, ameze dawa bila kuruka, aiangalie miguu yake. Alikuwa anasema nasi wote wawili. Lakini mimi nilimsikiliza kama mtu anayekabidhiwa darasa. Unanijua nilivyo. Miaka yote hii nimeshika chaki, na mtu akinipa jambo la kusimamia, nalisimamia hadi wenzangu wananikimbia.

Nikaanza kumsimamia mama yako. Akipakua chakula, naangalia mwiko. Akirudi kwa jirani, namuuliza alikunywa chai ya namna gani. Jioni namhoji: umetembea mpaka wapi, umemeza dawa saa ngapi, hiyo ndizi ya mchana ilikuwa kiasi gani. Yeye anajibu, mimi natikisa kichwa au namsifu, kama mtoto wa darasa la tatu. Nilifanya hivyo kwa sababu nilimpenda na niliogopa kumpoteza. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, Kemi. Lingekuwa limetoka kwenye ubaya ningejua pa kulitubia. Lilitoka kwenye upendo, na likafanya lililofanya.

Kulikuwa na ubatizo kwa majirani zetu wa bonde la chini. Unajua sherehe za kwetu: ndizi zilizopikwa na nyama, zinapakuliwa zikiwa bado zinatoa moshi, na mtu aliyekula wali tu anakwenda nyumbani akisema hajala. Mama yako alikuwa amekaa na wanawake wenzake, sahani mapajani. Mimi nilikuwa kwenye benchi la wanaume, mbali kidogo, nikapaza sauti:

"Mama Kemi! Hizo ndizi zote ni za mtu mmoja?"

Watu wakacheka. Naye akacheka. Akainuka, akairudisha sahani kwa wapakuaji, akasema alikuwa ameshakula nyumbani. Njiani tukirudi nikampongeza. Nilimwambia amefanya vizuri. Alinijibu "asante", akatangulia.

Tangu siku ile hakula tena mbele ya watu. Mimi niliona ni nidhamu. Kumbe alikuwa amehamisha mlo wake. Siku moja nikitafuta kuni kavu nilikuta nyuma ya rundo ndizi zilizopikwa, zimefungwa kwenye jani la mgomba, bado vuguvugu. Badala ya kuziacha pale, nilizileta ndani, nikaziweka mezani mbele yake, nikasimama. Nilitaka aone aibu. Hakuona aibu, mwanangu. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia aliyempekua mkoba.

Baada ya hapo kila kitu kilianza kujificha. Akawa anakwenda kliniki peke yake, akirudi namuuliza sukari imesomaje, ananijibu, "Wamesema iko vizuri." Nikawa naridhika, kwa sababu hilo ndilo jibu nililokuwa nalitaka.

Kisha ukaja mguu. Alikanyaga kisiki cha mbuni wa kahawa wa zamani tuliokuwa tumeukata. Nyayo zake zilikuwa zimeshaanza kufa ganzi, hakusikia maumivu, aliona damu tu alipovua buti la mpira. Alikiosha kidonda mwenyewe, akakifunga kitambaa, akavaa soksi. Akavaa soksi asubuhi na jioni, ndani na nje. Niliziona hizo soksi. Nikasema moyoni kwamba ni baridi ya mvua.

Wewe ndiye uliyerudi likizo, ukaingia jikoni kumsalimia, ukasema, "Shikamoo mama," na kabla hajaitikia ukauliza ni nini kinanuka. Unaikumbuka siku hiyo. Lakini kuna sehemu hukuisikia, kwa sababu ulikuwa umekimbilia barabarani kutafuta pikipiki. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mguu ule, nikamuuliza, nadhani nilimfokea, "Kwa nini hukusema?"

Akanijibu taratibu, bila hasira yoyote: "Ningesema, ungeniuliza nimekula nini."

Nimekuwa nikilibeba jibu hilo kila ninapokwenda. Nimesimama nalo mbele ya darasa, watoto wakinisubiri nimalizie sentensi. Mama yako alikuwa na kidonda kinachooza, akapima kati ya kidonda na maswali yangu, akaona heri kidonda.

Daktari alisema tungefika mapema wangekisafisha tu. Hakutulaumu. Alituambia kama mtu anavyosema mvua imenyesha jana. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Alipokuwa amelazwa, bibi yako alikuja kutoka Ihanda na ndizi zake ndani ya kapu, amezifunika vizuri, akazifungua pale pale kitandani. Mama yako akala. Alikula polepole, amefumba macho, kama mtu aliyekuwa safarini muda mrefu. Mimi nikafungua mdomo. Sikumbuki hata nilitaka kusema nini. Bibi yako hakugeuka, alisema tu, "Mkwe wangu, toka nje kidogo." Nikatoka. Nikakaa kwenye benchi la korido pamoja na watu waliokuwa wanasubiri wagonjwa wao, na hapo ndipo nililia kwa mara ya kwanza. Nililia kwa sababu kulikuwa na chumba ambamo mke wangu anapumua vizuri zaidi nikiwa sipo.

Siwezi kukudanganya kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Niliacha maswali, lakini ukimya wangu nao aliusoma. Akipakua, nilikuwa naangalia ukuta, na yeye alijua kwa nini naangalia ukuta. Muda mrefu tulikula hivyo. Kilichosaidia kidogo hakikutoka kwangu. Siku moja aliniomba nimlimie njia pana katikati ya migomba, ipitike kwa magongo, ili aweze kufika kwenye maharage akapalilie akiwa amekaa kwenye kigoda. Nikailima. Akawa anakwenda kila asubuhi. Halafu akaniambia, kama jambo la kawaida, kwamba amechoka kupika vyungu viwili, chake na changu, kwa hiyo kuanzia siku hiyo sote tungekula chake. Basi nikala chake: ndizi chache, maharage mengi, mchicha, na chai isiyo na sukari ambayo mpaka leo sijaizoea. Ni katika chai hiyo niligundua jinsi nilivyokuwa namwomba jambo gumu kwa mdomo mwepesi.

Ndipo matokeo yako ya kidato cha sita yakatoka, na ukatuambia umepata nafasi ya kusomea tiba ya mtindo wa maisha. Shahada nzima, ukasema, tangu mwaka wa kwanza. Nilikuudhi siku ile. Nilikuuliza kama hiyo ni tiba au ni mahubiri. Nilitaka uwe daktari wa kupasua na kuandika dawa, yule ambaye mtu wa hapa kwetu Kanoni akimwona anajua ni daktari. Walimu wenzangu waliponiuliza binti yangu anakwenda kusoma nini, nilisema "mambo ya afya" nikabadili mazungumzo. Nilikuwa naogopa watasema, kwa hiyo anakwenda kusomea kuwaambia watu wale mboga.

Wewe ulinieleza kwa subira ambayo sikustahili. Ukasema utasoma mwili wa binadamu na magonjwa kama wengine, lakini utasoma pia chakula, usingizi, kazi za mwili, pombe na sigara, mawazo yanayomkaba mtu, na jinsi watu wa nyumba moja wanavyoishi pamoja. Ukasema, "Tata, baba yangu, nataka nikutane na watu kabla hawajafika kwenye kisu." Lile neno la watu wa nyumba moja nililisikia vizuri kuliko unavyofikiri. Sikujua kama kuna chuo kinachofundisha hilo. Nilitamani ningekuwa nimelisoma mimi.

Kwa hiyo sasa sipingi kozi yako. Nina hofu nyingine, na ni hii ninayotaka uisome polepole.

Mwezi uliopita tulikuwa dukani pale njia panda, wewe na mimi, na Mzee Byabato alikuwa amekaa nje kama kawaida yake, soda mkononi. Kila mtu anajua ana presha. Ukamwamkia vizuri. Kisha ukamwambia, watu wote wakisikia, ni sukari kiasi gani iko kwenye chupa ile, na inafanya nini kwenye mishipa, na kwamba akiendelea hivyo watoto wake watamsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Ulichosema kilikuwa kweli. Mzee akacheka, akasema, "Haya daktari, nimesikia." Akaiweka chupa chini ikiwa nusu.

Umemwona tena pale dukani? Mimi nimemwona. Siku hizi anainunua, anaizungushia gazeti, anakwenda kuinywa nyuma ya stoo ya kahawa. Nilimkuta huko, akashtuka kama mtoto. Na mwanawe ameniambia hajakwenda kupima presha tangu siku hiyo, maana amesikia kwamba wewe utakuwa unasaidia pale zahanati kabla hujaondoka.

Nilisikia sauti yangu ikitoka kinywani mwako, Kemi. Ile ile ya benchi la wanaume. Na wewe utakuwa na cheti cha kuipa nguvu. Mimi nilikuwa na mtu mmoja wa kumwumiza kwa sauti hiyo. Wewe utakuwa na foleni.

Sasa tuje kwenye mchana wa leo.

Tulikuwa tumemaliza kula. Mama yako akatuita sote wawili chumbani, akakaa kitandani karibu na begi lako, akasema, "Njooni muone." Akavua soksi ya mguu uliobaki. Kidonda kilikuwa kidogo, pembeni ya kidole gumba, bado chekundu. Alisema amekiona juzi alipokuwa anaoga. Maswali yote ya zamani yalinijia pamoja, nikauma ulimi, nikashindwa kusema hata neno jema. Na katika ukimya huo wewe ukasema, huku machozi yanakutoka:

"Mama, si nilikuambia uangalie mguu kila siku? Si nilikuambia?"

Ulikuwa unalia kwa hofu, najua. Lakini mimi nilikuwa naangalia mikono yake. Alikuwa ameshika soksi, na uliposema hivyo akaanza kuivaa tena. Haraka haraka. Kisha wewe ukasema huendi popote, utabaki umuuguze, chuo kitasubiri, na usipobaki wewe atabaki na nani, na ukanitazama mimi uliposema hivyo. Sikukasirika. Ulikuwa na haki ya kunitazama.

Alichojibu ulikisikia, ulikuwa mlangoni: "Nimewaonyesha. Mnataka nini zaidi?"

Ukaondoka. Tukabaki wawili. Nilikaa chini sakafuni, maana nilijua nikisimama nitakuwa mwalimu. Nikamwambia asante kwa kutuonyesha. Ni maneno machache, lakini sijawahi kuyasema kwa shida kama leo. Akauliza kama ninamaanisha. Nikasema namaanisha. Akaivua tena ile soksi mwenyewe, akaniruhusu nikisafishe kidonda kwa maji ya chumvi na kukifunga kwa kitambaa safi, na hakuna aliyetaja chakula.

Tumekubaliana kwenda hospitali kesho. Siyo wiki ijayo, kesho. Tutapanda gari moja nawe mpaka Kayanga, kama utakuwepo, halafu sisi tutaendelea. Amekwisha kutenga nguo zake za kulazwa, ikiwa watamlaza. Sijui watasema nini. Kidonda ni kidogo na tumekiwahi, na hiyo ndiyo tofauti yote kati ya safari ile na hii. Lakini kile cha kwanza nacho kilianza kidogo, na sitakuandikia kwamba hakuna cha kuogopa.

Nilimwambia nitakuandikia. Nikamuuliza, unataka nimwambie nini? Nilidhani atasema nikubembeleze, au nikuambie anakuombea. Akafikiri, huku anaangalia begi lako, akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema:

"Mwambie asipokwenda kwa sababu ya kidonda nilichomwonyesha, kingine sitakionyesha."

Nilitaka kumwambia hilo ni neno kali mno kwa mtoto. Kisha nikaelewa kwamba hakutishii. Anakuambia jinsi mtu mgonjwa anavyofikiri, na nadhani hakuna atakayekufundisha hilo waziwazi namna hiyo huko uendako. Mara ya kwanza aliuficha ukweli kwa kunyamaza, tukapoteza mguu. Leo amesema ukweli kwa mdomo. Kama malipo yake ni mwanawe kuacha shule, amejifunza kwamba kusema ni gharama, na atarudi kwenye soksi.

Sikuamrishi uende. Nimechoka kuamrisha, na wewe ni mtu mzima. Nakuomba tu ukija usianze na mguu. Anza naye. Mwamkie, kaa karibu yake, muulize amelalaje. Ukitaka kulia, lia. Na kama swali la kidonda litakutoka, mwache kwanza akuambie mwenyewe.

Sasa hivi ameniita kutoka ndani, nikaenda. Alitaka nimfungulie dirisha. Nilipokuwa nafungua nikamuuliza kama anaogopa kesho. Miaka yote hii nimemuuliza kila kitu kilichoingia mwilini mwake, na hilo sikuwahi kumuuliza. Akasema:

"Naogopa sana. Kaa hapa."

Kwa hiyo naishia hapa, mwanangu. Dereva amefika, na mimi narudi kukaa naye.

Baba yako.